Mpiga Gitaa na Tamaa Isiyoshiba

Mafundisho juu ya Amri ya Kumi

Amri za Mungu zaanza na Mungu mwenyewe, na zaishia ndani ya moyo wa mtu. Amri ya saba yatazama mkono, nayo yakataza kuiba. Amri ya kumi yaingia mbali zaidi, mahali pasipofikiwa na hakimu wala askari, nayo yakataza moyo kutamani mali ya jirani. Watu wengi wakiisikia hujisemea: "Amri hii si yangu. Sikuiba mbuzi wa mtu, wala sikutamani shamba la mtu. Nanunua vitu vyangu kwa fedha yangu." Lakini Kanisa, likiifafanua amri hii, lafundisha kwamba yakataza pia uroho, yaani ile tamaa ya kujikusanyia mali pasipo kiasi. Uroho huo waweza kumshika mtu ambaye hajaiba kitu maisha yake yote. Waweza kumshika hata mtu mwema, tena katika jambo lililo jema.

Kwa sababu hiyo mafundisho haya hayatasema juu ya pombe wala juu ya kamari. Yatasema juu ya gitaa.

I. Gitaa ni chombo chema

Wako wazee wanaodhani kwamba gitaa ni chombo cha walevi tu, na kwamba Mkristu hapaswi kulishika. Hukumu hiyo si ya haki. Kitabu cha Mwanzo chamtaja Yubali kuwa baba wa wote wapigao kinubi na filimbi. Daudi, alipokuwa angali kijana mchungaji, alimpigia mfalme Sauli kinubi, na roho ya mfalme iliyosumbuka ikapata nafuu. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturjia ya mwaka 1963, uliruhusu vyombo vya muziki vya mataifa viingizwe katika ibada kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa, mradi vifae kwa mambo matakatifu na kuwasaidia waamini kusali. Na kabla ya hati hiyo, huko Kamina, Padri Guido Haazen na waimbaji wake walikuwa wamekwisha kuimba Misa kwa sauti na ngoma za nchi. Ndiyo Missa Luba ya mwaka 1958.

Na Katanga yenyewe ni nchi ya wapiga gitaa mashuhuri. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka nchi za Afrika kukusanya nyimbo, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao sasa waitwa Likasi, akazitia nyimbo zake katika sahani za santuri. Nyimbo hizo zikavuka mipaka na bahari. Mwaka 1961 na mwaka 1962 mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika kwa urefu juu ya uchezaji wa Mwenda. Alichunguza nini zaidi? Alichunguza vidole vyake: namna kidole gumba na kidole cha shahada, viwili tu, vilivyofanya nyimbo mbili zitembee pamoja kama watu wawili njiani.

Huko Kinshasa vilevile, Luambo Makiadi, aliyejulikana kwa jina la Franco, mzaliwa wa Sona-Bata mwaka 1938, alianza akiwa mtoto mdogo, kwa gitaa alilojitengenezea kwa mkebe, huku mama yake akiuza mikate sokoni. Hakungoja apate chombo kizuri ndipo aanze. Alianza, na chombo kizuri kikamfuata baadaye.

Basi hakuna ubaya katika mbao wala katika nyuzi. Ubaya, kama upo, utafutwe mahali pengine.

II. Mfano wa kijana mwenye magitaa matano

Sikilizeni mfano. Katika kijiji kimoja alikuwako kijana, mkulima wa mahindi na karanga, mwenye sauti nzuri na moyo wa ibada. Jina lake lilikuwa limeandikwa katika kitabu cha wakatekumeni. Alinunua gitaa lake la kwanza kwa mavuno ya mwaka mzima. Miezi mitatu alilala nalo karibu na mkeka wake, na majirani walisikia usiku akijifunza taratibu, akikosea na kurudia.

Siku moja akaenda mjini kuuza unga. Katika duka moja aliona gitaa jipya lililokuja kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Lilikuwa jekundu, na nyuzi zake zilimetameta. Akaligusa mara moja tu, na sauti yake ikamwingia kama maji baridi kwa mtu atokaye shambani. Aliporudi nyumbani na kulishika gitaa lake, akaliona limekufa. Akauza mbuzi wawili.

Gitaa la pili lilimfurahisha hata kiangazi. Kiangazi kilipokauka sana, mbao zake zikapasuka kidogo ubavuni. Ufa huo ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini yeye hakuweza tena kusikia kitu kingine ila ufa. Akabadilishana baiskeli yake na gitaa la tatu. La tatu lilikuwa na shingo nene. La nne lilikuwa na shingo nzuri, lakini sauti zake za chini zilikuwa hafifu. Kila jioni alikaa mlangoni akizikaza nyuzi na kuzilegeza, akikaza na kulegeza. Alijua mwanzo wa nyimbo ishirini, wala hakujua hata mmoja mpaka mwisho.

Gitaa la tano alilinunua kwa fedha ya rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa ameiweka kidogo kidogo kwa ajili ya mahari, akamwamini amtunzie. Kijana alimwambia: "Ndugu yangu, nitakulipa baada ya mavuno." Na kwa kuwa fedha hiyo haikutosha, alichukua pia karanga za mbegu zilizokuwa ghalani.

Mama yake alipokwenda kuzitafuta karanga, alimwita.

"Mwanangu, mbegu ziko wapi?"

"Mama, nitazirudisha kabla ya mvua. Nisamehe. Hili ndilo gitaa la mwisho."

"Hata lile la mwaka jana lilikuwa la mwisho."

Mama hakusema neno tena. Alichukua jembe lake, akaenda kulima shamba asilokuwa na mbegu ya kulipanda.

Baada ya majuma machache mtoto wa jirani alikufa kwa malaria. Usiku wa matanga mkubwa wa waimbaji alikuja mlangoni kwa kijana, akabisha hodi.

"Kaka, twende. Wafiwa wanakuita. Watu wamechoka kulia, wataka kuimba."

Kijana aliyatazama magitaa yake matano. Moja lina ufa. Jingine limepungukiwa na uzi. Jingine sauti zake za chini hafifu. Hata lile la tano, jipya, lilikuwa na mlio mdogo mbaya katika uzi mmoja, na alikuwa amekwisha kuulizia gitaa la sita. Akajibu: "Siwezi kusimama mbele ya watu na chombo cha namna hii. Ngojeni nipate kilicho kizuri."

"Kaka, mtoto atazikwa kesho."

"Basi nisameheni kwa leo."

Mkubwa wa waimbaji akaenda zake. Haukupita muda mrefu, kijana akasikia kutoka kwenye matanga mlio mwembamba na mkavu. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mwenye gitaa la mkebe wa mafuta na kipande cha ubao, lenye nyuzi tatu zilizotolewa katika waya wa breki ya baiskeli. Nyuzi hizo hazikupatana vizuri. Lakini mtoto alizipiga kwa mwendo usiopotea, na watu wakamfuata kwa wimbo wa kumwombea marehemu, wanaume chini na wanawake juu. Na mama wa mtoto aliyekufa, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, sauti yake ikasikika katikati ya sauti za wengine.

Kijana alikaa mlangoni. Nyuma yake yalikuwako magitaa matano, na mbele yake giza. Hatimaye aliinuka, akaenda matangani mikono mitupu, akaketi nyuma ya watu wote, akaimba nao hata alfajiri.

III. Ugonjwa huu watoka wapi

Wakatekumeni wapendwa, kijana yule alidhani kwamba atafuta gitaa kamilifu. Yafaa kuchungua kwa akili alichokuwa akikitafuta, maana mwenye kuufahamu ugonjwa amekwisha kuanza kupona.

Kwanza, nyuzi. Gitaa la dukani lina nyuzi mpya. Nyuzi za chuma zikipata jasho la vidole, vumbi na kutu, sauti yake yafifia pole pole, hata mwenyewe hatambui siku iliyofifia. Mtu aliyezoea nyuzi za zamani akigusa gitaa jipya, mara nyingi husikia nyuzi mpya, naye husema: "Mbao hizi ni za ajabu!" Kama kijana angalibadili nyuzi za gitaa lake la kwanza, na kuufuta uzi kwa kitambaa baada ya kupiga, pengine angaliusikia uzuri uleule nyumbani mwake, kwa bei ndogo sana.

Pili, mbao. Mbao hunywa unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Hivyo zavimba na kusinyaa, shingo yapinda kidogo, nyuzi zapanda au zashuka. Gitaa lililowekwa juani au karibu na moto laweza kupasuka hata kama limenunuliwa kwa bei ya ng'ombe. Mwenye kulitunza kivulini hulikuta zima. Asiyetunza la kwanza hatatunza la tano.

Tatu, na hili ni la ajabu kuliko yote, hesabu ya shingo. Juu ya shingo ya gitaa vimepangwa vipande vyembamba vya chuma kama vipandio vya ngazi. Kila kipandio chapunguza uzi kwa sehemu moja hivi katika 18 ya urefu uliobaki, na mtu akipanda vipandio 12 amefika nusu kamili ya uzi, akakuta sauti ileile ya kwanza, lakini ya juu. Vipandio vimepangwa hivyo ili mpigaji aweze kuanzisha wimbo katika sauti yoyote. Lakini watu wanapoimba pamoja vizuri sana, sauti zao hukutana mahali tofauti kidogo na pale palipowekwa na hesabu hiyo. Tofauti ni ndogo, lakini magitaa ya vipandio hivyo yote yanayo, la bei ndogo na la bei kubwa. Mafundi walijua jambo hili tangu karne nyingi. Mtu akikaza nyuzi mpaka mapatano haya ya sauti yawe safi kabisa, mapatano yale yataharibika. Akiyaponya yale, haya yataumia.

Basi tazameni: jioni zile zote kijana alikuwa akikaza na kulegeza, akitafuta kitu ambacho hakuna fundi aliyekiweka katika gitaa lake, wala hakuna fundi awezaye kukiweka. Si kwamba mafundi ni wavivu. Ndiyo hali ya viumbe. Kila kiumbe ni chema, na kila kiumbe kina mpaka wake. Aliye mwema pasipo mpaka ni Mungu peke yake.

Nne, sikio lenyewe. Kitabu cha Mhubiri chafundisha kwamba jicho halichoki kutazama, wala sikio halijai kwa kusikia. Kitu kikiwa kipya chapendeza. Kikizoeleka, mtu haoni tena ila kasoro zake. Ndiyo sababu gitaa lililo mkononi mwa mwingine hupita daima lile la nyumbani. Zamani macho yalishikwa na picha katika magazeti. Leo yashikwa na picha katika simu. Picha haipasuki kiangazi, na uzi wake haukatiki. Kwa hiyo kitu cha kweli hakiwezi kamwe kuishinda picha.

Lakini chini ya hayo yote iko sababu moja kubwa. Kujifunza wimbo mpaka mwisho ni kazi ngumu. Vidole vyauma, moyo wachoka, mtu aona haya kwa makosa yake. Kununua ni kwepesi kuliko kujifunza. Anayenunua aweza kujiambia kwa muda: "Kasoro ilikuwa katika mbao." Hivyo tamaa yamwondolea mtu uchungu wa kujitazama mwenyewe, lakini yamtoza deni.

IV. Kutumia na kutulia

Mtakatifu Augustino, mtoto wa Afrika, alizaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafa askofu wa Hippo mwaka 430. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya kikristu alitenga mambo mawili: viko vitu vya kutumia, na yuko mmoja wa kutulia ndani yake. Akatoa mfano wa wasafiri wanaorudi kwao. Wanahitaji chombo cha kuwachukua. Lakini ikiwa wataanza kupenda safari yenyewe na chombo kilicho chini yao, hawatataka tena kufika, na nyumba ya baba yao wataisahau njiani. Augustino alilijua jambo hilo kwa maisha yake, kwa kuwa alitafuta sifa na elimu na anasa kwa miaka mingi, akaungama kwamba moyo wake haukupata pa kutua mpaka ulipomrudia Muumba wake.

Gitaa ni chombo cha kusafiria. Laweza kumpeleka mtu kwa Mungu kwa njia ya sifa, na kwa jirani kwa njia ya faraja. Kijana aliposhindwa kwenda matangani kwa sababu ya kulitafuta gitaa zuri, chombo kilikuwa kimekuwa bwana, na bwana huyo alimkataza kufanya kazi ileile ambayo chombo kiliumbwa kwa ajili yake.

Wala mtu asiseme kwamba tamaa ya namna hii ni ndogo. Mfalme Ahabu alikuwa na nyumba na mali nyingi. Akaliona shamba la mizabibu la Nabothi lililo karibu na jumba lake, akalitamani. Aliponyimwa alilala kitandani, akageuza uso, akakataa chakula kama mtoto. Tamaa hiyo iliyoanza kitandani ilikwisha kwa damu ya Nabothi. Kijana wa mfano hakumwaga damu ya mtu. Lakini rafiki yake alikosa mahari, mama yake alikosa mbegu, na wafiwa walikosa faraja aliyokuwa nayo mkononi. Ndivyo tamaa ilivyo: mmoja anunua, na wengine walipa.

Tazameni sasa namna Bwana wetu Yesu Kristu anavyomtendea mtu mwenye kiu. Mwanamke Msamaria alikuja kisimani na mtungi wake, kama siku zote. Alikuwa amekuwa na waume watano, na yule aliyekuwa naye hakuwa mume wake. Yesu hakumkemea kwa sababu ana kiu. Alimfundisha kwamba maji ya kisima kile humrudishia mtu kiu, na kwamba yeye mwenyewe ana maji mengine, yaliyo hai. Na yule mwanamke, alipofahamu anenaye naye, aliuacha mtungi wake, akakimbilia watu wa mji. Ndiyo Injili ambayo Kanisa lawasomea wakatekumeni katika Kwaresima, wakati wanapojiandaa kupokea Ubatizo. Ni Injili yenu hasa. Kiu ya kitu kisicho na kasoro yatoka kwa Mungu. Yeye ndiye aliyeitia ndani ya mtu. Kosa ni kuituma dukani.

V. Dawa

Labda mmoja atauliza: "Je, ni dhambi kununua gitaa la pili?" Hapana, si dhambi kwa yenyewe. Seremala ana nyundo zaidi ya moja, na mpigaji ambaye chombo chake kimevunjika yampasa atafute kingine. Mtu ajipime kwa maswali matatu. Nani atakayelipa bei ya kitu hiki: mimi, ama mama yangu, mke wangu na watoto wangu? Kazi gani yanikataa leo kwa sababu sina kitu hiki? Na kile nilicho nacho, nimekwisha kumshukuru Mungu kwa ajili yake? Mtu akijibu maswali hayo kwa kweli mbele ya Mungu, atajua.

Kijana wa mfano alikwenda kwa mwalimu wake wa dini asubuhi ya maziko. Mwalimu hakumpa maneno mengi. Alimwambia: "Mwanangu, machozi ni mema, lakini hayamrudishii mtu mahari yake. Anza na deni." Kwa maana mwenye kutubu kweli hurudisha kilicho cha mwenzake, na mkatekumeni hawezi kukaribia maji ya Ubatizo akiwa amefunga mkono juu ya mali ya mtu.

Aliuza magitaa matatu, naye hakupata hata nusu ya bei aliyoyanunulia. Fedha hiyo aliipeleka kwa rafiki yake. Haikutosha, ikampasa alime misimu miwili shamba la mtu mwingine ndipo deni likaisha. Rafiki alimsamehe, lakini hakumwekea tena fedha, na kijana hakumlaumu. Gitaa la nne aliwapa waimbaji wa Kanisa. Akabaki na lile la kwanza, alilolidharau. Alilinunulia nyuzi mpya, akalitundika kivulini, akachagua wimbo mmoja, akajifunza mpaka mwisho.

Hata hivyo tamaa haikufa siku moja. Kila alipokwenda mjini, miguu yake ilisimama mbele ya duka lile. Alijifunza kufanya ishara ya Msalaba, kumshukuru Mungu kwa ajili ya fundi aliyetengeneza kitu kizuri namna ile, na kuendelea na njia. Siku nyingine ilikuwa rahisi, siku nyingine ngumu. Neema ya Mungu haimwondolei mtu vita. Yampa nguvu ya kupigana.

Na kila mmoja wenu, wakatekumeni wapendwa, ajitafutie gitaa lake. Kwa mmoja ni vitenge vinavyojaa sandukuni huku watoto hawana sabuni. Kwa mwingine ni simu, au redio, au baiskeli inayobadilishwa kila mwaka. Kwa mwingine ni shamba linaloongezwa mpaka kwenye mpaka wa jirani. Jina la kitu labadilika, sauti ya tamaa ni ileile: "Hiki ndicho cha mwisho."

Maswali na majibu

Swali: Amri ya kumi yakataza nini?
Jibu: Yakataza kutamani mali ya jirani, na uroho wa kujikusanyia vitu pasipo kiasi.

Swali: Je, vitu vya dunia ni vibaya?
Jibu: Hapana. Mungu aliviumba vyema, na alimpa mtu avitumie kwa sifa ya Mungu na kwa faida ya jirani.

Swali: Mbona vitu havimshibishi mtu?
Jibu: Kwa sababu kila kiumbe kina mpaka, na moyo wa mtu uliumbwa kwa ajili ya Mungu asiye na mpaka.

Swali: Aliyewakosesha wengine mali yao kwa tamaa yake, yampasa afanye nini?
Jibu: Atubu, arudishe kilicho cha watu, na atumie vema kile alicho nacho.

Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni achague kitu kimoja nyumbani mwake alichokidharau kwa sababu ya kutamani kingine. Akisafishe, akitengeneze, akitumie kwa kumsaidia mtu mmoja. Na kama ana deni dogo la jirani, alipe kabla ya Jumapili.

Sala

Ee Mungu Baba yetu, wewe peke yako huna kasoro. Tufundishe kukupokea wewe kuwa utulivu wetu, na kuvipokea viumbe vyako kuwa vyombo vyetu. Utuponye tamaa isemayo daima "bado kimoja", utupe mikono yenye kutumika na moyo wenye kushukuru. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.